Utupa Dhidi ya Wadudu wa Maharage: Mwongozo Kamili wa Kuandaa na Kutumia Dawa ya Majani

Utupa, ambao jina lake la kitaalamu ni Tephrosia vogelii, ni kichaka cha jamii ya mikunde kinachoonekana kwenye mipaka ya mashamba tangu nyanda za juu za Tanzania na Kenya hadi Malawi na mashariki ya Kongo. Wavuvi wa mito na mabwawa waliujua zamani kwa kazi moja: majani yake yakipondwa na kutupwa ndani ya maji yaliyotulia, samaki huelea. Kinachomwangusha samaki ndicho kinachomwangusha mdudu. Majani hayo yana kundi la kemikali ziitwazo rotenoidi, ambazo iliyo nyingi kati yake kwa kawaida ni degwelini, ikiwa pamoja na tefrosini na rotenoni, na zote huziba njia ambayo seli huitumia kupata nguvu kutokana na oksijeni, hata kiumbe kikaishiwa nguvu ilhali hewa ipo.

Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Arusha, pamoja na wenzao wa Uingereza, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kaskazini mwa Tanzania, ambamo maharage yaliyonyunyiziwa maji ya mimea ya kando ya shamba, utupa ukiwa miongoni mwayo, yalitoa mavuno yaliyokaribiana na ya maharage yaliyopigwa kiuatilifu cha viwandani, huku buibui na mbawakavu wenye madoadoa wanaokula vidukari wakibaki wengi zaidi shambani. Hata hivyo wakulima wengi waliojaribu utupa kwa mikono yao wamevunjika moyo, na sababu zake zinajulikana: mmea wenyewe haukuwa na sumu inayotakiwa, unga ulikuwa mchache mno kwa maji yaliyotumika, dawa ilipigwa saa za jua kali, au ilichanganywa na majivu ambayo huiharibu. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuyakabili makosa hayo moja baada ya jingine.

Kwanza, mjue mdudu uliye naye

Utupa huua kwa kumgusa mdudu na kwa kuliwa naye, kwa hiyo unamfaa mdudu aliye nje ya mmea, mahali ambapo dawa inayotoka kwenye bomba la kunyunyizia inafika. Kwenye maharage, wa kwanza ni vidukari weusi, ambao wengi huwaita wadudu mafuta, wanaojazana kwenye ncha changa na chini ya majani na kuacha utomvu mtamu unaonata. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina la haragwe bila kukoma, fuata njia yao mpaka mwisho wake. Sisimizi hao wamefuata utomvu, na kwa kuulinda huwafukuza wadudu ambao wangewala vidukari. Msafara wao huonekana mapema kuliko jani lililojikunja, na kwa sababu hiyo ni ishara nzuri kwa mkulima anayekagua haraka. Wa pili ni mbawakavu wadogo wanaotoboa majani ya maharage machanga katika wiki za mwanzo baada ya mvua kuanza. Wa tatu ni viwavi wa maua na maganda, ambao dawa huwapata tu kabla hawajazama ndani ya ganda.

Inzi wa maharage ni habari nyingine. Hutaga mayai kwenye majani ya mche mchanga, na funza wake hushuka ndani ya shina hadi karibu na ardhi, ambako shina huvimba, hupasuka, na mche hunyauka. Akishaingia humo hakuna maji ya majani yatakayomfikia, na mkulima anayepiga utupa baada ya kuona miche imenyauka atailaumu dawa bure. Dhidi ya inzi huyu panda mapema mvua zinapoanza, inulia udongo kwenye mashina ili mmea utoe mizizi mipya juu ya sehemu iliyoharibiwa, na ung'oe miche iliyokufa uitoe shambani.

Kagua shamba walau mara moja kwa wiki, asubuhi, kwa kukata kona kutoka upande mmoja hadi mwingine na kusimama sehemu tano hivi. Katika kila sehemu pindua majani ya mashina kumi. Vidukari wakiwa kwenye mashina machache yaliyo pamoja, dawa ipigwe hapo peke yake. Hakuna faida ya kumwaga jasho na majani kwenye sehemu ya shamba iliyo safi, na sehemu hiyo ndiyo hifadhi ya wadudu rafiki.

Pili, upime utupa wako kabla ya kuuamini

Hatua hii hurukwa kuliko zote, nami naiona kuwa ndiyo yenye uzito kuliko zote. Utupa uko wa namna mbili kikemikali. Namna moja ina rotenoidi kwenye majani yake na inaua wadudu. Nyingine ina kemikali za kundi la flavanoni badala ya rotenoidi, na haifai kuulia wadudu. Watafiti waliochambua mimea ya wakulima nchini Malawi walizikuta namna zote mbili zikitunzwa kwa jina lile lile na kwa matumaini yale yale. Kwa macho hazitofautiki: urefu wa kichaka, manyoya laini ya jani na ganda lake la kahawia ni vile vile, wala rangi ya ua, iwe nyeupe au ya zambarau, si kigezo cha kutegemea. Anayepewa mbegu na jirani kwa maneno matamu bila kuzipima anaweza kutwanga majani msimu mzima pasipo kuua kidukari hata mmoja kwa sumu ya mmea.

Maabara haipo kijijini, lakini fukusi wa maharage, yule anayetoboa punje ghalani, yupo karibu kila nyumba, naye anatosha kuwa kipimo. Tafuta maharage yaliyokwisha kuingiwa, uyachekeche, uwatoe fukusi wote wanaotembea, kisha uyaweke punje hizo kwenye chombo kilichofunikwa kwa kitambaa kwa siku mbili au tatu. Fukusi watakaotoka ndani ya punje katika siku hizo ndio utakaowatumia, kwa kuwa ni wachanga. Jambo hili si dogo, maana fukusi aliyekomaa huishi wiki mbili hivi tu, na ukianza na wazee watakufa kwa uzee katika vyombo vyote, nawe utashindwa kujua kilichowaua.

Chukua chupa mbili safi za kioo zenye mdomo mpana, na katika kila moja utie gramu 100 za maharage mazima yasiyotobolewa. Kwenye chupa ya kwanza changanya gramu 5 za unga wa majani ya utupa, uzipime kwa mizani, kisha itikise mpaka kila punje ipakwe vumbi la kijani. Chupa ya pili iache bila kitu. Tia fukusi 20 kwenye kila chupa, funga midomo kwa kitambaa chepesi na mpira, uziweke zote mahali pamoja pa kivuli. Hesabu waliokufa siku ya tatu, ya tano na ya saba. Fukusi anayelemewa na utupa hutambulika hata kabla ya kufa: huwa mzito, hushindwa kupanda juu ya punje, hulala chali, na miguu yake husogea polepole tu anapoguswa kwa njiti. Wengi wakiwa wamekufa kwenye chupa ya unga kufikia siku ya saba, na wengi wakiwa hai kwenye chupa nyingine, kichaka hicho kina dawa. Pasipokuwa na tofauti ya wazi, rudia jaribio mara moja kwa unga mpya. Matokeo yakibaki yale yale, kichaka hicho kiache kiwe mbolea ya shamba, wala usikichume kwa dawa wala usichukue mbegu zake.

Pima kichaka kimoja kimoja, kisha ukifunge alama, kwa sababu vichaka viwili vilivyosimama mpaka mmoja vinaweza kutofautiana. Mbegu zitoke kwenye kilichofaulu tu. Na kwa kuwa nyuki hubeba chavua kutoka ua hadi ua, kizazi kipya nacho kipimwe kikishakuwa na majani ya kutosha.

Tatu, kupanda, kuvuna na kukausha

Loweka mbegu usiku mmoja, uzipande moja kwa moja shambani mvua zinapoanza, mbegu mbili kwa shimo, mashimo yakiachana kiasi cha mita moja kando ya mpaka. Mche huanza polepole na husongwa na magugu, kwa hiyo palizi ya miezi ya mwanzo ni ya lazima. Baada ya nusu mwaka hivi kichaka huwa na majani ya kuchumwa. Kichaka huishi miaka michache tu, basi ni busara kupanda vipya kila mwaka badala ya kungoja vya zamani vife vyote pamoja. Mizizi yake huongeza nitrojeni kwenye udongo kama mikunde mingine. Tahadhari moja ya mahali: utupa huwahifadhi minyoo midogo ya udongoni inayofanya mizizi ivimbe vinundu, kwa hiyo usiupande kwenye kitalu au shamba litakalofuatiwa na nyanya au tumbaku.

Chuma majani yaliyokomaa na yenye rangi nzuri ya kijani, ukiacha walau theluthi moja ya majani ya kichaka ili kiendelee kukua. Yatandaze kwa tabaka jembamba juu ya turubai au mkeka, kivulini na penye hewa, ukiyageuza kila siku mpaka jani likifinywa livunjike. Usiyaanike juani kwa kutaka yakauke upesi. Mwanga wa jua huvunja rotenoidi, na majani yaliyokaushwa juani huonekana sawa kabisa na ya kivulini, yenye harufu ile ile, ila nguvu yake imepungua.

Yatwange kwenye kinu ambacho hakitatumika tena kwa chakula, yachekeche, na wakati wote wa kazi hii funga pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa kizito kilichokunjwa, kwani vumbi la utupa likivutwa puani ni hatari zaidi kuliko likimezwa. Unga uwekwe kwenye chombo kikavu kisichopitisha mwanga, kifunikwe barabara, na kiandikwe tarehe pamoja na alama ya kichaka. Utumie ndani ya msimu ule ule. Unga wa mwaka uliopita usiupige shambani kabla ya kuurudia upimaji wa chupa mbili.

Nne, hesabu ya majani

Kipimo cha kuanzia, ambacho ndicho kilichotumiwa katika majaribio ya shambani, ni asilimia 10, yaani kilo 1 ya unga mkavu kwa lita 10 za maji. Vipeperushi vingi huishia hapo, na mkulima hugundua tatizo akiwa tayari na bomba mgongoni.

Tuifanye hesabu yote. Ekari moja ya maharage yaliyokwisha kufunika mstari huhitaji takriban lita 80, yaani bomba la lita 16 lijazwe mara tano. Lita 80 kwa asilimia 10 ni kilo 8 za unga. Kilo moja ya majani makavu hutoka kwenye kilo tatu hadi nne za majani mabichi, kwa hiyo mpigo mmoja wa ekari moja unahitaji kilo 24 hadi 32 za majani mabichi yaliyochumwa, kukaushwa na kutwangwa. Ukipanga mipigo mitano kwa msimu, utahitaji kilo 40 za unga. Hiyo ni kazi ya vichaka vingi na ya mikono mingi, na mwenye vichaka vichache asijidanganye kwamba atalinda ekari nzima. Aanze na robo ekari: lita 20 za maji, kilo 2 za unga, kilo 6 hadi 8 za majani mabichi kwa kila mpigo. Akipiga tu sehemu zenye wadudu, kama ilivyoelezwa kwenye ukaguzi, kiasi hicho kinaweza kushuka sana.

Kishawishi kinachokuja baada ya hesabu hii ni kuongeza maji ili unga utoshe. Nguvu ya dawa hupungua kadiri maji yanavyozidi, na eneo kubwa lililopigwa dawa hafifu humgharimu mkulima kazi ile ile kwa faida ndogo. Ni afadhali eneo dogo lililopigwa dawa kamili. Anayetumia majani mabichi bila kuyakausha apime kilo tatu hadi nne za majani yaliyopondwa laini kwa lita 10.

Tano, kuloweka

Rotenoidi haziyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Ndiyo maana sabuni huwekwa tangu mwanzo wa kuloweka, na si mwishoni wakati wa kujaza bomba kama wengi wanavyofanya. Sabuni husaidia kemikali zitoke kwenye majani na kuingia kwenye maji, na baadaye husaidia matone yashike kwenye jani la haragwe badala ya kuteleza. Kiasi chake ni kidogo: gramu 10 kwa lita 10 za maji, yaani vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni ikizidi huunguza majani ya mazao.

Koroga sabuni kwenye maji safi ya baridi, kisha mimina unga kidogo kidogo huku ukikoroga, hadi pasibaki madonge makavu. Funika ndoo, iweke kivulini, na uiache saa 24, ukiikoroga mara tatu au nne. Usichemshe. Na hapa nawasihi wakulima wenzangu waachane na desturi moja: usitie majivu wala chokaa kwenye ndoo ya utupa. Majivu yana matumizi yake mazuri ghalani na shambani yakiwa peke yake, lakini maji ya majivu ni alkali, na alkali huvunja rotenoni. Anayechanganya dawa mbili nzuri kwa kutaka ziwe kali zaidi hubaki na dawa moja dhaifu.

Baada ya saa hizo chuja mara mbili, kwanza kwa kipande cha chandarua kuukuu ambacho hakikutiwa dawa ili kuondoa makapi, kisha kwa kitambaa cha pamba kilichofumwa vizuri, maana chembe ndogo zikipita huziba ncha ya bomba katikati ya kazi. Kamua makapi kwa mikono iliyovaa glavu, na makapi yenyewe yatandazwe kwenye mashina ya mazao, mbali na maji na mifugo. Maji yaliyochujwa yatumike siku hiyo hiyo. Yakilala huanza kuchacha na nguvu yake hushuka.

Sita, kunyunyiza na kuangalia matokeo

Piga dawa jioni, kuanzia saa kumi na moja, siku isiyo na upepo wala dalili ya mvua. Sababu ni mbili. Jua huivunja dawa hii haraka, na ikipigwa jioni hupata usiku mzima wa kufanya kazi kabla ya mwanga kurudi. Pili, wakati huo nyuki wamekwisha kuondoka kwenye maua ya maharage. Kabla ya kulipiga shamba lote kwa mara ya kwanza, piga mashina machache uyaache siku mbili, uone kama majani yameungua.

Ncha ya bomba ielekezwe juu kutoka chini ya majani, kwa kuwa vidukari na mayai hukaa upande wa chini, na kupiga kwa juu tu, hata kwa dawa nzuri, huacha wadudu wengi wakiwa salama. Endesha bomba polepole mpaka jani lilowe bila kuchuruzika. Tikisa bomba mara kwa mara, kwani dawa hii hutuama.

Acha mistari miwili bila kuipiga, uiwekee vijiti vya alama. Bila mistari hiyo huwezi kujua kama wadudu wamepungua kwa dawa, kwa mvua kubwa iliyowaangusha, au kwa wadudu rafiki waliofanya kazi yao. Baada ya siku mbili au tatu linganisha: pindua majani kumi kwenye mistari iliyopigwa na kumi kwenye isiyopigwa. Usitarajie wadudu waanguke papo hapo kama kwa dawa nyingi za dukani. Utupa hufanya kazi kwa siku kadhaa, na mdudu aliyeumwa nao huacha kula kabla hajafa. Angalia basi kama matundu mapya yanaongezeka kwenye majani machanga, maana matundu ya zamani hayatazibika. Kama wadudu bado wapo, rudia baada ya siku 7. Mvua kubwa ikinyesha usiku uliopiga, hesabu kwamba mpigo huo umepotea.

Acha kupiga walau siku 7 kabla ya kuvuna maharage mabichi, na majani ya maharage yanayoliwa kama mboga yasichumwe kwenye sehemu iliyopigwa hivi karibuni. Mboga yoyote kutoka shamba hilo ioshwe kwa maji mengi.

Mbegu ghalani

Unga ule ule hulinda mbegu za msimu ujao dhidi ya fukusi. Kausha mbegu vizuri, changanya gramu 25 hadi 50 za unga kwa kila kilo ya mbegu, na uzifunge kwenye chombo kikavu cha giza. Andika juu yake kwamba ni mbegu, zisije zikapikwa. Maharage ya chakula yahifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Sioni sababu ya kutia sumu, hata ya mmea, kwenye chakula cha familia wakati mifuko hiyo inapatikana na fukusi hufa ndani yake kwa kukosa hewa.

Mimea inayoweza kusaidia

Pale ambapo viwavi ndio tatizo kubwa, kiini cha mbegu za mwarobaini kina nafasi yake: gramu 50 za viini vilivyotwangwa kwa lita moja ya maji, viloweke usiku kucha, vichujwe na kupigwa jioni. Kemikali yake kuu, azadiraktini, humfanya kiwavi aache kula na ashindwe kujivua gamba, hivyo inafaa kwa viwavi wadogo kuliko kwa waliokomaa. Mbegu zenye ukungu zitupwe. Alizeti pori, ambayo imejaa kando ya barabara nyingi za Afrika Mashariki, nayo ilikuwa kwenye majaribio ya maharage ya Tanzania, na nchini Kolombia watafiti wameyatandaza majani yake juu ya viota vya sisimizi wakata-majani, wale wanaokuza kuvu kwa majani wanayoyabeba, nao wakaona shughuli za viota hivyo zikipungua. Asiye na utupa uliofaulu kipimo anaweza kuanza na mimea hii miwili badala ya kukaa mikono mitupu.

Usalama, maji na sheria

Kuitwa dawa ya asili hakuiondolei utupa usumu wake. Samaki hufa kwa kiasi kidogo sana cha rotenoni, kwa hiyo bomba, ndoo na kitambaa visioshewe mtoni, kwenye bwawa wala karibu na kisima. Maji ya kuoshea yamwagwe ndani ya shamba lililopigwa. Kuvua samaki kwa sumu ni kosa kisheria nchini Tanzania, na aliyekamatwa na ndoo ya utupa kando ya bwawa hatajitetea kwa habari za maharage.

Kwa binadamu, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wakulima na watumiaji wa viuatilifu waliowahi kutumia rotenoni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata ugonjwa wa Parkinson kuliko wasioitumia. Hao walitumia rotenoni iliyokolezwa viwandani, lakini funzo kwa anayetwanga utupa ni lile lile: glavu, miwani au kinga ya macho, mikono mirefu, barakoa wakati wa kutwanga na kupiga, na kuoga kwa sabuni kazi ikiisha. Wajawazito na watoto wasihusishwe na kazi hii. Dalili za kudhurika ni ganzi mdomoni, kichefuchefu, kutapika na kutetemeka. Mwenye dalili hizo aondolewe mahali penye dawa, aoshwe, na apelekwe hospitali pamoja na kipande cha mmea wenyewe ili mganga ajue alichokutana nacho.

Mkulima wa maharage mabichi ya kuuza Ulaya asitumie utupa kwenye zao hilo. Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu rotenoni kwenye viuatilifu, hata kwa kilimo hai, na shehena ikikutwa na mabaki yake inaweza kukataliwa. Na anayefikiria kuufunga unga huu kwenye pakiti auze, ajue kwamba kutengeneza kwa shamba lako ni jambo moja na kuuza kiuatilifu ni jingine: Tanzania inataka kila kiuatilifu kinachouzwa kisajiliwe na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, na Kenya nayo ina bodi yake ya kusimamia viuatilifu. Mbegu zinaweza kupelekwa kwa jirani, mradi zimetoka kwenye kichaka kilichofaulu kipimo cha chupa mbili, na aelezwe namna ya kukipima chake.